Makome Chini ya Dungu

Nakumbuka tulivyochimba mashimo ya nguzo za dungu letu la kwanza, bondeni nyuma ya Katindiuka, miaka ile ya hamsini. Dungu, mwanangu, ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti. Humo tulihamia msimu mzima kulinda mpunga. Nilikuwa bibi harusi mbichi, na sikio langu lilikuwa zito kidogo, kama lako.

Kwao mume wangu Leonsi walikuwa na desturi: maharusi hula chungu cha mama mkwe mpaka wavune mpunga wao wenyewe. Mama mkwe alipika vizuri, sina la kusema. Lakini nilitamani jiko langu hadi nikawa naota ninapuliza moto. Mpunga ule ukipotea, ni mwaka mwingine wa kula kwa watu.

Basi mkono wa Leonsi ulipozama shimoni hadi kwapani, akatoa makome ya mtoni, yale yenye magamba mawili yanayofumbana. Makubwa, mazito kama mawe. Nikafurahi, nikayafunga kwenye pindo la khanga niyafanye vijiko. Mama mkwe, aliyekuwa akisokota kamba, akaja akaligeuza moja mkononi.

"Inueni sakafu ipite kichwa cha Leonsi," akasema. "Na msipande mpunga mfupi hapa. Pandeni ule mrefu, unaokimbizana na maji."

"Mama, mto uko mbali hata hatuusikii. Haya si watu wa zamani walikula wakatupa?"

"Aliyekula kome hulifumba tena akishashiba?"

Nikafungua pindo nikatazama. Kweli, yote yalikuwa yamefumba midomo.

"Haya yalifia kitandani mwao, binti. Mto ulilala hapa. Juu yake ukaja mchanga, ndipo ukaja huu udongo mweusi mnaousifia. Mto ulihama, na aliyehama anaijua njia ya kwao."

Leonsi alinung'unika, maana ilibidi akate nguzo upya. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tukainua. Majirani walitucheka sana, wakauliza kengele ya kanisa tutaitundika lini.

Masika yakakolea, na alfajiri moja maji yakaingia kimya kimya. Mpunga wetu mrefu ukawa unainua vichwa kila yalipopanda. Tuliwapandisha majirani kwetu, na watoto wao na mbuzi wao, wala hakuna aliyeikumbuka kengele. Tulivua kambale kupitia nyufa za sakafu! Mama mkwe alipiga vigelegele kila ndoano ilipocheza. Sijawahi kucheka vile maishani.

Tukavuna. Wali wangu wa kwanza uliungua chini, na mama mkwe akaula hadi ukoko, kisha akasema, "Sasa chungu changu kitapumua." Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Mwanangu, unaniambia umepata kiwanja kizuri, pakavu kabisa. Kuishi kwingi ni kuona mengi: nimeona pakavu pakawa mto, na mto ukawa njia ya baiskeli. Kabla hujaweka msingi, chimba. Ukikuta kome limefumba, usiikimbie ardhi hiyo, maana ndiyo iliyotushibisha. Jenga juu, upande kinachopenda maji. Haya, nenda. Mungu akupe moto usiozimika jikoni kwako, na wageni wa kuumaliza wali wote.