Kwani Tumefanya Kosa Gani, Mwalimu?

Siku yangu ya kwanza kazini, shule ya msingi moja kule Gongo la Mboto, Mwalimu Mkuu alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akafungua droo, akatoa filimbi. "Binti, wewe ni mrefu," akasema. "Utashika michezo." Hakuniuliza nimesomea nini. Kumbe chuoni nilikuwa nimesomea michezo kwelikweli, na niliipenda! Lakini enzi zetu ilikuwaga hivyo, mwalimu mgeni ndiye anayetupiwa filimbi, mpaka aje mgeni mwingine.

Nikawatoa Darasa la Tano uwanjani, mie na raba zangu mpya, furaha imenijaa kama bibi harusi. "Haya, tuzunguke uwanja taratibu, tupashe mwili moto!" Kupasha mwili moto ni kuiamsha misuli kabla ya kazi nzito, isije ikavutika. Hakuna aliyesogea. Msichana mmoja mwembamba, Saida, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwani tumefanya kosa gani?"

Nikacheka. Wao hawakucheka hata kidogo.

Nilikuja kuelewa baadaye. Pale shuleni aliyechelewa namba, ile ya kuhesabiwa mstarini asubuhi, alizungushwa uwanja na begi mgongoni. Aliyepiga kelele aliruka kichurachura, yaani anachuchumaa, anashika masikio, anaruka hadi mapaja yanawaka moto. Aliyekosa hesabu, pushapu. Halafu mie nije na filimbi niwaambie mambo hayohayo ni somo! Saida ndiye aliyeujua uwanja ule kuliko wote. Kwao kulikuwa mbali, na alfajiri alimsaidia mama yake kuchoma vitumbua, kwa hiyo kila siku alichelewa na kila siku alizungushwa. Kipindi changu kikifika, mara tumbo linamuuma, mara kajificha chooni.

Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa wa kizamani tu, shati jeupe limepigwa pasi, anaamini mtoto asiyehenyeshwa haendi popote. Tulivutana naye muda mrefu juu ya adhabu hizo. Ndipo akaja mtafiti, binti wa chuo kikuu aliyetaka kujua walimu wanaamini nini kuhusu somo la michezo. Alikuja na dodoso, yale maswali ya kujaza kwa kalamu, ila mwenyewe alipenda zaidi kuuliza kwa mdomo. Tukiwa ofisini akamgeukia Mkuu.

"Kwa imani yako, mwalimu, mtoto afanye mazoezi kwa nini?"

"Ashike adabu," Mkuu akajibu papo hapo.

"Na wewe, mwalimu wa michezo?"

"Afurahi," nikasema. "Ili hata akiwa mtu mzima aendelee kuyataka."

Mkuu akaguna. "Furaha! Watoto wako wanajificha chooni, furaha iko wapi? Kipindi hicho nampa mwalimu wa Hisabati."

Jamani! Kipindi kile ndicho kilikuwa kazi yangu; kikiondoka, nabaki na filimbi ya pambo shingoni. Nikawaka. "Hawachukii kukimbia, Mkuu, wanachukia adhabu! Nipe muhula mmoja. Hakuna kichurachura, hakuna kumzungusha mtu uwanja. Wachelewaji wamwagilie miti. Siku ya mwisho filimbi chukua mwenyewe, uifungie. Wasipotoka bila kuitwa, kipindi kigawe."

Mkuu akanitazama, akatabasamu kwa mbali. "Binti una mdomo wewe! Haya, tutaona."

Mtafiti akaomba kulifuatilia darasa langu. Kutoka kwake nilijifunza jina la kitu nilichokuwa nakitafuta: hamasa ya ndani, yaani mtu anafanya jambo kwa sababu mwenyewe analitaka, si kwa kuogopa fimbo wala kusubiri zawadi. Nikaacha kuamuru. Nikawaachia wachague wenyewe, rede ya kulengana na kukwepa mpira, kuruka kamba au kukimbizana. Taratibu kelele zikaanza kusikika uwanjani, zile za kufurahi.

Saida alikaa ukutani, mikono kaikunja. "Kaa tu, mwanangu," nilimwambia. "Ukitaka, njoo." Wiki zikapita, bado kakaa. Siku moja mpira wa rede, ule wa soksi, ukabingirika mpaka miguuni pake. Akauangalia. Wenzake wakapiga kelele, "Saida, rusha!" Akaurusha kwa nguvu, ukampata mmoja mgongoni, wote wakaangua kicheko. Mpira ukarudishwa kwake kwa kasi, akaukwepa, akatimua mbio. Alikimbia na begi halipo mgongoni. Niligeuka upande, nikajifanya nafunga kamba za raba, maana machozi yalikuwa karibu.

Ikafika siku ya mwisho. Filimbi iko kwenye droo ya Mkuu, sie watatu, Mkuu, mtafiti na mie, tuko dirishani. Saa ya kipindi ikatimia. Uwanja mtupu. Ukaendelea kuwa mtupu. Mkuu akakohoa kidogo, mie naomba Mungu kimoyomoyo. Mara mlango wa darasa ukafunguka, akatoka Saida, mpira wa soksi kwapani, anapiga kelele, "Nyie, njooni basi, muda unaisha!" Wakamwagika wote.

Mkuu akageuka kutoka dirishani. Alifungua droo, akanirudishia filimbi. Muhula uliofuata wachelewaji waliendelea kumwagilia, na miarobaini ya shule ile ilistawi si mchezo.

Nikahamishiwa Kibamba, nikamkuta Mwalimu Mkuu mwingine, na kichurachura kilekile kikinisubiri. Huyo hakunisikiliza kabisa. Nilishindwa, siwadanganyi, na mpaka leo inaniuma. Lakini kwenye kipindi changu hakuna mtoto aliyekimbia kwa kosa, mpaka nastaafu.

Sasa niko Kipawa, magoti yamegoma, asubuhi nakaa barazani na chai yangu. Nazikumbuka sana zile kelele za uwanjani, kuliko hata mshahara. Majuzi akapita mama mmoja mtu mzima, kavaa raba, jasho linamtiririka, akasimama ghafla getini.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba." Nikamkazia macho. Ni Saida. Nikashindwa kujizuia. "Mwanangu, mbio zote hizo asubuhi yote hii, umefanya kosa gani?"

Akacheka hadi akashika kiuno. "Sina kosa, mwalimu. Nakimbia tu." Akanipungia mkono, akaendelea na mbio zake.