Mwalimu Asiye na Kiti

Usiku ule nililala nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote hapa Tanga, au ndivyo nilivyokuwa nimewaambia watu. Uani kwangu mahema yalikwisha simamishwa, masufuria yamesuguliwa, mbuzi wamefungwa nyuma ya choo, na viti vyangu mwenyewe, vyeupe, vimerundikwa juu kwa juu mpaka ukutani. Mimi ndiye Bakari Viti. Muulize mtu yeyote: harusi ya maana au msiba wa maana mjini hapa, watu wamekalia nini? Wamekalia viti vyangu. Darasa la nne nililiacha katikati, nikaanza na mabenchi mawili ya mbao nikiyabeba kichwani, na leo nina lori. Sijisifu, nasema ilivyo.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya binti yangu, Rehema. Juma lililopita alivishwa joho chuo kikuu, na mimi nilikuwepo, nimekaa safu ya mbele kabisa ingawa safu ile haikuwa yetu. Bwana wa mlangoni alinitazama, nami nikamtazama, akaniacha. Sasa tulikuwa tunamsherehekea nyumbani, na juma linalofuata apande ndege aende Ujerumani kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha huko. Habari hiyo nilikwisha itangaza sokoni, nikaitangaza stendi, nikaitangaza msikitini watu wakitafuta viatu vyao, mpaka dada yangu Zuhura akaniambia, "Kaka, weye kwa kelele hizo hata wafu wamesikia."

Lakini kuna jambo sikulitangaza. Alasiri ile Rehema alikuja akapiga magoti mbele yangu, kama mtoto wa kwetu anavyofanya kabla ya safari, akasema, "Baba, naomba radhi yako."

Nikacheka. "Radhi ya uchochoroni ya nini, kama tunaficha kitu? Kesho, mwanangu, mbele ya watu, kwa kipaza sauti!"

Akainuka, akanitazama kidogo, akaenda zake.

Ukweli ni kwamba ulimi ulikuwa mzito. Babu yangu mzaa baba, Mwalimu Athumani, naye alichukuliwa kwenda Ujerumani, zamani zile Mjerumani anatawala, kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu chao. Alimwacha bibi na mimba ya baba yangu. Hakurudi. Kaburi lake hatulijui. Kila mwaka tunamsomea hitima, na dua zetu tunazituma hivi hivi tu, bila kujua zielekee wapi. Na mtoto wangu anakwenda huko huko, kwa kazi ile ile. Mimi ninayeongea mpaka watu wanahama baraza, jambo hilo sikuweza kumwambia mtu.

Basi nikalala.

Kwanza nilihisi baridi. Nikadhani shuka limeanguka, nikapapasa, nikagusa jiwe. Nilikuwa nimesimama juu ya sakafu ya mawe, peku, na pumzi yangu inatoka mdomoni kama moshi. Ni ukumbi mkubwa. Dari iko juu sana, nyeusi kama mbingu inayotaka kunyesha. Watu wamekaa safu kwa safu, wanaume tu, ndevu zimechongwa, kola ngumu shingoni, na majoho marefu mpaka viatuni. Ni mahafali. Hakuna aliyeniambia, lakini najua. Najua pia kwamba ni zamani, kwamba baba yangu bado hajazaliwa, na kwamba mimi pale sina haki hata ya kukohoa.

Mbele amekaa mzee mwenye mkufu wa dhahabu kifuani. Anaita jina, kijana anapanda, anainama. Kabla ya kupewa cheti inampasa aseme neno la Kiswahili, wakubwa wasikie alichojifunza.

"Beba musigo," anasema wa kwanza.

Ukumbi mzima unapiga miguu sakafuni. Ndiyo makofi yao hayo, wanapiga kwa visigino, mawe yanatetemeka.

"Nyamasa!" anasema wa pili. Wanapiga miguu.

"Leta maji. Upesi." Wanapiga miguu, na mzee mwenye mkufu anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Hapo nikasikia sauti kutoka ukutani, taratibu kabisa, sauti ya mtu aliyezoea kusomesha watoto madrasani: "Mzigo, bwana. Si musigo, ni mzigo. Na yule mwenzako, nyamaza."

Nikageuka. Ukutani amesimama mtu mmoja, kanzu nyeupe, kofia ya kushona kwa mkono, na juu yake koti zito la Kizungu lililomzidi mabega. Sijapata kumwona maishani, hata picha yake hatuna, lakini nilimjua. Masikio yale ni ya baba yangu. Na anavyosimama, mguu mmoja ameupumzisha juu ya mwenzake, ndivyo nisimamavyo mimi. Watu wote wamekaa. Wanafunzi wake wamekaa. Hata mbwa wa yule mzee mwenye mkufu amelalia zulia lake. Mwalimu wao ndiye aliyesimama.

Nikamwendea. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Hakushangaa kuniona. Akanitazama kuanzia miguu yangu mitupu kwenda juu. "Wewe ndiye mwenye viti?"

"Ndiye mimi, Babu."

"Huku tumesikia ni vingi."

"Vingi, Babu! Mjini petu hakuna mtu mwingine anayeweza—"

"Basi nipe kimoja," akasema. "Miguu inaniuma tangu walipoanza."

Ningekimbia kwa furaha. Kitu gani chepesi kuliko hicho? Na kabla sijapiga hatua nikawa niko uani kwangu, jua linawaka, mirundo ya viti iko mbele yangu, na Babu bado yuko ukutani nyuma yangu, ukuta wa nyumba yangu sasa, na baridi yake amekuja nayo. Nikashika kiti cha juu nikakivuta. Hakikutoka. Viti vya plastiki vikirundikwa juani hung'ang'aniana, kila mwenye kazi hii anajua. Unapiga goti ubavuni, unazungusha kidogo, kinaachia. Nikapiga goti. Nikazungusha. Nikamwagia maji ya sabuni. Nikakanyaga cha chini nikavuta cha juu kwa mikono yote miwili mpaka nikasikia mgongo unalia. Havikuachana.

Zuhura alikuwa kando, anakoroga pilau kwa mwiko mrefu. Nikamlilia, "Dada, njoo unisaidie! Babu hana kiti!"

Hata hakuinua uso. "Kaka nawe, huoni? Viti vyote vina watu."

Nikatazama. Kweli. Katika kila kiti cha mrundo, kuanzia cha chini hadi cha juu, ndani ya nafasi ambayo hata mkono haupiti, amekaa bwana mwenye ndevu zilizochongwa na joho jeusi, ametulia, ananitazama kama natafuta kitu kisicho changu.

"Bado?" akauliza Babu.

"Bado kidogo, Babu."

Najua si kidogo. Naye anajua. Akaubadilisha mguu, akaupumzisha ule mwingine.

Kisha jina likaitwa. Yule mzee mwenye mkufu alilivunjavunja mdomoni kama mtu anayetafuna mfupa, lakini nililitambua. Rehema binti Bakari. Na ua wangu ni ukumbi tena, na mwanangu anapita katikati na joho lake. Shangazi zake wamemtandikia kanga njia nzima, kama tutandikavyo kwetu ili anayesherehekewa asikanyage vumbi, ila kanga zimelowa theluji na kila anapokanyaga zinatoa maji. Wapiga matarumbeta niliowakodi wamevimbisha mashavu, mishipa imewatoka shingoni, na hakuna sauti. Nataka kupiga kelele, huyo ni wangu, huyo ni wa Bakari Viti! Mdomo umefunguka. Hakitoki kitu. Mimi, ambaye kwenye harusi hunyang'anywa kipaza sauti.

Rehema akapewa cheti. Wakampigia miguu, sana, kuliko wote. Nikawa natazama watamkalisha wapi. Hakuna aliyesogea. Mwanangu akangoja kidogo, akatabasamu vile vile atabasamuvyo akiwa hataki uone kitu, halafu akaenda ukutani. Akasimama ubavuni pa Babu. Akaupumzisha mguu mmoja juu ya mwenzake.

Hapo sauti ikanitoka.

"Babu, mkataze! Wewe ukisema asiende, haendi. Sema neno moja tu. Watu nitawaambia, babu yetu kanijia, kakataa, na hakuna atakayenicheka."

"Unataka nikusemee mimi?"

"Ndiyo, Babu."

"Mimi maiti?"

"Ndiyo, Babu. Mimi siwezi."

Akacheka, kicheko chenye kikohozi ndani yake. Kisha akaniwekea mkono begani, mkono mwepesi mno, kama nguo tupu.

"Siku niliyoondoka mji mzima ulinisindikiza. Ngoma, ubani, kila mtu na neno lake. Mmoja aliniagiza saa ya mfukoni. Mmoja alitaka nimsalimie mfalme wao. Baba yangu alisema jina letu sasa litajulikana. Bibi yako alinitazama tu, maana walikuwapo wakubwa, hakuweza kusema. Wakanisifu mpaka meli ikapotea. Na katika watu wote wale, hakuna hata mmoja aliyeniambia, rudi."

"Walijua utarudi, Babu."

"Walijua. Nami kila mwaka nikisema, mwaka huu narudi, zile sifa nazisikia masikioni. Najitazama nilivyo, najitazama ninaposimama. Nikaona nikirudi hivi nitawatia aibu. Nikangoja niwe mkubwa kidogo."

Ukumbi ulikuwa unaondoka. Majoho yanatoka kimya kimya, taa zinapungua. Rehema hayupo tena, na sikumwona alipokwenda.

"Kusimama si kitu, mjukuu wangu," akasema. "Miguu huzoea. Mwambie yule mtoto arudi. Mwambie kabla hujamsifu."

"Kaburi lako liko wapi, Babu? Nijue tu."

Akaitazama sakafu, pale pale walipokuwa wakipiga visigino. Nikamshika mkono wa koti. Koti likabaki mikononi mwangu, zito, lina harufu ya unyevu, halina mtu.

Nikaamka nimekumbatia shuka. Adhana ya alfajiri inalia, na nje Zuhura keshaanza kugombana na wapishi juu ya kuni mbichi. Nikatoka hivyo hivyo, peku.

Rehema alikuwa sebuleni, anapiga pasi joho lake juu ya meza.

"Baba? Mbona mapema hivi? Unaumwa?"

"Nimemwota Babu Mwalimu."

Akaisimamisha pasi. "Amesema nini?"

Nilikuwa na mengi ya kueleza, ukumbi, baridi, wale watu. Yote yakanikimbia.

"Amesema urudi."

Kisha akauliza polepole, "Baba, hiyo ndiyo radhi, au unanikataza?"

"Sikukatazi. Radhi unayo, tangu jana unayo. Lakini rudi, Rehema. Rudi hata kama huna kitu. Rudi hata mambo yakiharibika mwezi wa kwanza. Usiangalie mimi nimewatangazia nini watu, mimi naropoka tu. Ukishuka kwenye ndege na mfuko wa rambo tu mkononi, nitakuja kukupokea."

Alicheka, na macho yakamjaa maji akiwa bado anacheka. Uani Zuhura alikuwa anapiga kelele, "Hiyo ni kuni au mgomba?"

"Wakiniongezea muda, Baba?"

"Rudi."

"Nikipata kazi nzuri zaidi ya hii?"

Nani anaweza kumshika mtu aliyeko ng'ambo ya bahari, na kwa kitu gani? Neno lenyewe ni dogo hivi. Nilisimama pale, mtu mzima, mikono imening'inia.

"Inshallah, Baba," akasema.

Akaichukua pasi tena, akaipitisha juu ya mkono wa joho ambao ulikuwa umekwisha nyooka. Akaurudia, na akaurudia, bila kuninyanyulia uso.

Nikamwambia tena, "Rudi."