Mtoto Aliyerudi Kutoka Majini

Mnisamehe kwa mwandiko huu na herufi nitakazokosea. Shule niliishia ya msingi, na naandika polepole.

Kila nikipita kijijini Bujonde na kusikia harufu kali ya kakao iliyofunikwa kwa majani ya mgomba ichachuke, nakumbuka pazia la jukwaa letu, la magunia ya kakao. Shuleni tuliigiza kwa nyimbo hadithi ya Kimarekani: mtoto anadhaniwa amezama mtoni, kisha anarudi na kukuta watu wanamlilia. Mtoto huyo nilikuwa mimi.

Mwalimu alitaka wimbo wa huzuni. Wasichana wakajifunga khanga kiunoni, wakalia kama mama zetu wanavyolia msibani. Nilipotokea, uso umepakwa unga kama maiti, watoto walicheka.

"Marehemu ameshiba huyo," mmoja alisema.

Mama mmoja, kati ya wazazi waliokuja kutazama, hakucheka. Mwanawe alipotelea ziwani na hakupatikana, hata kaburi hana. Alipanda jukwaani taratibu, akanifuta unga kwa khanga yake.

"Mwanangu, mbona umechelewa?"

Mwalimu alininong'oneza niendelee kuimba. Nilimtafuta mama yangu kwa macho. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Maji yalikuwa ya baridi?" akauliza yule mama.

"Hapana, mama. Yalikuwa ya vuguvugu."

Akashusha pumzi, akarudi kukaa.

Tangu siku hiyo ananiita kwa jina la mwanawe, hata sokoni, nami naitika. Wewe unayesoma, kama uliwahi kuitwa hivyo kwa jina la aliyepotea, niandikie uniambie kama uliacha kuitika, na uliachaje.