Padri Niliyemgundua Rejaf

Mwenzenu nimeaibika, tena ndani ya kanisa.

Kazi yangu ni kusukuma mashine ya rada, yenye magurudumu kama kigari cha mtoto, inayoonyesha kilicho chini ya ardhi bila kuchimba. Mwezi uliopita tulikuwa Rejaf, nje ya Juba, kupima kanisa la zamani ili sura yake ibaki kwenye kompyuta hata vita vikilibomoa.

Karibu na altare, skrini ilionyesha kitu kirefu chenye chuma. Nikatangaza, bila kuulizwa, kwamba hilo ni kaburi la padri wa kwanza na chuma ni msalaba wake. Kina mama waliotufungulia mlango wakaanza kulia. Nikaona wameguswa.

"Mwanangu, wacha huyo padri alale," akasihi Mama Keji, kiongozi wao.

Nikamweleza kwa upole kwamba sayansi haiogopi wafu. Kisha, kwa kuwa hatukuwa na jembe, nikatoka mwenyewe kuwaita wapiganaji waliokuwa wameweka kizuizi barabarani.

Walivua kofia, wakachimba kwa heshima. Likatokea turubai, na ndani yake cherehani mbili, sufuria za harusi na redio.

"Huyo ndiye padri wetu," Mama Keji akaniambia polepole. "Tulivificha ili hawa wasivione."

Mkubwa wa wapiganaji alikuwa ameshatupia cherehani moja begani. Akanishukuru sana, akanipa mkono, akauliza kesho tunapima kanisa gani.