Desktop ilizima katikati ya eulogy ya Mama Nanjala na Mzee hakujua

Niaje wakuu. Hii ni yangu mwenyewe, si ya kuambiwa. Majirani wa Bondeni hapa Nakuru wako humu, nikiongeza chumvi wataniumbua.

Mimi hutypia watu kazi hapa nyumbani: CV, barua, programu za mazishi. Mashine ni desktop mzee, ile CPU kubwa inasimama chini ya meza. Niko nayo tangu nikiwa campus Njoro.

Kama wiki tatu zimepita ikaanza kuzima. Hakuna error, hakuna blue screen. Uko tu kwa kazi, paap, giza. Ukingoja dakika kumi inawaka kama haijakukosea.

Nikalaumu stima. Nikabadilisha extension, wapi. Nikascan virus, nikainstall Windows upya, nikatoa RAM nikaisugua na rubber. Wapi!

Nikaibeba hadi kwa fundi town. Ikakaa kwake siku nzima ikicheza video bila kuzima hata mara moja.

"Boss, hii mashine haina shida," akaniambia.

Nikairudisha, nikaivisha sweta yake, na kabla ya lunch ikazima. Nilikaribia kulia.

Ndio, sweta. Jirani yangu Mama Nanjala alikuwa mtu wa crochet. Kila kitu kwake kilivaa: viti, TV, redio, hadi mtungi wa gas. Mwezi uliopita, akiwa tayari mgonjwa, aliniitisha vipimo vya CPU, akaishonea sweta ya uzi mzito, rangi ya maroon, na tundu moja tu la button ya kuwasha.

"Hii vumbi ya Nakuru itakuulia mashine, mwanangu," akasema.

Ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho. Akatuacha.

Mwili ulikuwa utoke Alhamisi asubuhi kwenda Bungoma. Jumatano saa nne mzee wake, Baba Nanjala, akaja kwangu. Programu ilikuwa imebaki ukurasa mmoja, maneno ya mume. Hakutaka kuandika. Alitaka aseme, mimi nipige.

Lazima mjue kitu kimoja. Huyu mzee hakuwahi kumaliza hadithi mbele ya bibi yake. Akianza tu, Mama anaingilia: "Wewe, haikuwa hivyo!" Plot nzima, wapangaji wote, tulikuwa tumezoea.

Sasa akageuza kiti akaangalia mlango, mgongo kwangu, akaanza. Vile walikutana Mama akiuza mandazi nje ya factory. Vile alikubali kuolewa na bado akamwambia shati yake ni mbaya. Halafu akafika kwa jambo moja la nyumba yao ambalo sisi majirani hatukuwahi kulisikia. Sauti ikaanza kutetemeka.

Paap. Giza.

Sikuwa nimesave hata herufi moja. Simu ilikuwa mfukoni na sikufikiria kurekodi, msinianze.

Wakuu, unamkatiza aje mtu akisema hayo? Nikafanya upuzi. Nikaendelea kupiga keyboard, tak tak tak, kwa mashine imezima, ndio asikie niko naye. Nilikuwa naomba amalize, na naogopa amalize.

Akamaliza. Akapangusa uso.

"Haya, nisomee nisikie."

Nikaingia chini ya meza nikijifanya naangalia waya. Ukweli nilikuwa najificha. Mkono ukagusa sweta. Ilikuwa moto kama sufuria! Nikaivuta, joto likanipiga usoni, na hapo ndio akili ikanirudia. Kwa fundi haikuwa imevaa.

Nikatoka nayo mkononi. Uongo ulikuwa umeniishia.

"Mzee, nisamehe. Ilizima ukiwa katikati na sikukuambia. Sina hata neno moja. Ni hii sweta ya Mama, imeziba fan, mashine inakosa hewa."

Akaichukua. Akaipindua, akapitisha kidole kwa mshono. Nikajua leo nimelaaniwa.

"Mama Nanjala," akasema. "Hata leo? Hata leo huwezi niacha nimalize?"

Akacheka. Alicheka hadi machozi, na kicheko kilipoisha machozi hayakuisha. Nilikaa tu hapo karibu yake.

Baadaye nikawasha mashine bila sweta. Akaanza upya, sweta iko magotini pake, mimi nasave kila sentensi. Mandazi, factory, shati mbaya. Alipofika kwa lile jambo akasimama.

"Hiyo tuiache," akasema. "Hiyo nimeshamwambia."

Haiko kwa programu, na hapa pia siandiki. Mashine haijazima tena. Sweta alienda nayo Bungoma.

Somo ni kwamba desktop ya zamani ikizima ovyo, iguse kwanza usikie kama ina joto na uangalie umeifunika na nini, kabla hujasumbua fundi wa watu. Na mtu akikufungulia roho, save.

Wenye mmevisha CPU vitambaa jitokezeni, hapa hakuna wa kumcheka mwenzake. Lakini hili ndilo linanisumbua bado: ilipozima, wewe ungemkatiza Mzee?