Abena na Moshi wa Kichwa cha Kitanda

Maneno yalianzia bombani: mashine ya leza humla mtu macho bila maumivu, na kuna binti ng'ambo ya soko ameamka hajui mchana wala usiku. Jina la binti hakuna aliyelijua. Afua Konadu alirudi nyumbani na ndoo nusu, maana mwanawe Abena Dufie anafanya kazi kwa mashine hiyo hiyo.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi huenda kukaa kibandani kwa mwanawe, kwenye soko la mbao hapa Kumasi.

Saa tatu asubuhi. Abena, miaka ishirini na sita, anaweka ubao mwembamba, anafunga kifuniko. Mwanga unatambaa ukiunguza sura ya mtoto mchanga: nyusi, kidevu, kishimo cha shavu. Kisha unaikata picha vipande vipande, vya kushikana kama vidole, ili mteja aipange upya. Kwa siku hutoa picha nne, umeme ukimhurumia.

"Usiangalie!" mama anamkemea.

"Mama, kioo cha kifuniko kinazuia. Wewe ndiye utaniua, kwa presha."

Wiki ya pili ya ulinzi huo Nana Okrah (Nana ni jina la heshima kwa wazee), dereva mstaafu wa malori, alileta kichwa cha kitanda chake cha ndoa. Alitaka picha yake na mkewe, Nana Birago, ikatwe humo.

"Siku hizi ananiita bwana mgeni," alisema. "Lakini mikono yake haitulii. Mpe kitu cha kupanga. Labda akinipanga mwenyewe atanijua."

"Nana, ubao huu una ngozi ya plastiki."

"Umetulaza miaka arobaini na moja, leo ndiyo una kasoro?"

Watu walicheka. Abena akaupokea ubao. Atabishana vipi na mzee mbele za watu?

Alipoanza kukata, feni ya kutolea moshi ikaupeleka kwa jirani, Asibi muuza waakye. "Wee Abena! Wateja wangu wanakula wali na maharage, au wanakula ndoo ya plastiki iliyoungua?"

Kwa adabu ile ile, Abena akazima feni.

Mama alikuwepo, kakodoa macho kuyalinda macho ya mwanawe. Kifua hakukifikiria. Moshi mkali ukajaa kibandani. Abena akakohoa, akashika meza, midomo ikabadilika rangi. Asibi alitupa upawa, yeye na mama wakamburuta nje.

Alikaa hospitali siku tatu kwenye oksijeni. "Plastiki ile ikiungua hutoa sumu," daktari alisema. "Macho yake ni mazima kabisa."

"Wiki mbili nzima nalinda pasipo na mwizi," anasema Afua.

Nana Okrah alikuja wodini, akakataa kiti. "Mwanangu, nilikubishia kitu unachokijua." Akarudi nyumbani, akaibandua plastiki mwenyewe kwa kisu na maji ya moto, akapiga msasa hadi mti ukabaki mtupu.

Abena alipopata nafuu alikata vipande ishirini na vinne, vikubwa, visimchoshe bibi vidole. Mama na mwana walivipeleka pamoja. Nana Birago alipanga nguo kwanza, halafu bega. Kipande cha uso wa mumewe alikishika muda mrefu, kisha akakitia mahali pake.

"Dereva huyu," akasema, "anapenda mno pilipili."

Mzee aligeukia ukutani.

Sasa Abena anapanga kuweka bomba refu litakalotoa moshi juu ya paa, mbali na sufuria za Asibi. Mama bado anakwenda, ila siku hizi anakaa karibu na feni. Wenye watoto kwenye kazi hii anawaomba wawaambie waepuke haya:

Kukata chochote chenye plastiki au ngozi ya bandia, hata kikiletwa na nani.

Kuzima feni kwa kumwonea jirani haya.

Kufungua kifuniko mwanga ukiwa unakata.

Kuiacha mashine peke yake. Mbao hushika moto.

Kumnyamazia mkubwa kwa heshima, wakati kifua ni chako.