Gari bila stata, ukweni Liuli, na amri ya "zima gari, baba"

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Humu hakuna chai hata kijiko kimoja. Shahidi ni mke wangu, yuko pembeni anasoma ninavyoandika.

Nina four-wheel ya zamani. Aina sitaitaja, wenye nayo tunajuana, tukipishana tunapeana pole. Kwenye kadi rangi ni kijani, ila siku hizi ni rangi yoyote aliyokuwa nayo fundi.

Stata yake ilikufa zamani. Ilikuwepo kama pambo tu.

Mtauliza niliishije. Mkuu, mimi ni wa Mapera. Kwetu Umatengoni tambarare unaiona kwenye picha. Unapaki gari likitazama bondeni, unaweka jiwe kwenye tairi. Asubuhi unatoa jiwe, linateremka, unaachia klachi kwenye gea ya pili, limewaka. Jiwe langu lilikuwa na nafasi yake mbele, karibu na siti ya abiria.

Nikawa nawaona wanaonunua stata ni watu wa kupenda makuu.

Sasa mke wangu ni Mnyasa wa Liuli, kule chini ziwani, na mama yake hakunipenda tangu siku ya posa. Mtu wa milimani, Mkatoliki wakati wao ni Waanglikana, halafu samaki anamla kwa woga. Kwangu hakuwahi kukanyaga.

Tulipopata mtoto wa kwanza, mke wangu akamwomba aje kwenye ubatizo. Akakubali, kwa sharti kwamba mkwe aende mwenyewe kumchukua.

Mke wangu alilia kwa furaha. Akaniambia, "Baba Neema, hapa usiharibu. Mama akigeuzia njiani, hatakuja tena."

Nikashuka. Mpaka Mbamba Bay lami, raha tupu. Baada ya hapo vumbi na mashimo, gari likakohoa ila halikuzimika.

Nikafika kwa mama mkwe. Uwanja wote mchanga, bapa kama meza. Nikaliacha linaunguruma, nikaenda kuinama, "Shikamoo mama."

Akalitazama gari, akanitazama mimi.

"Marahaba. Zima gari, baba, tusalimiane kama watu."

Wenye wakwe mnanielewa. Mama mkwe habishiwi, na siku ya kwanza ndiyo kabisa. Nikazima.

Nikaletewa ugali wa muhogo na samaki, nikala bila kujua ladha. Kikapakiwa kiroba cha usipa, wale dagaa wa ziwani kwao. Mama akapanda mbele na kitenge kipya, jiwe akalisogeza kwa mguu bila kuuliza.

Nikageuza ufunguo. "Tik." Basi.

"Nini tena?"

"Mama, linataka kusukumwa kidogo."

Majirani wakaja. Tulisukuma, tairi zikazama. Niliona aibu hadi masikio yakawaka, nikaanza kutunga maneno ya kumwambia mke wangu.

Mara mama mkwe akashuka. Akavua viatu, akajifunga kitenge vizuri.

"Mama, tafadhali..."

"Wewe kaa kwenye usukani!" Akawageukia majirani. "Mnasukuma kama wageni! Huu si mtumbwi tu huu? Leteni mbao chini ya tairi!"

Wakaleta. Wakaanza wimbo wao wa kushusha mitumbwi majini, wote wakasukuma kwa pigo moja. Gari likawaka, likawapulizia moshi mweusi ukoo mzima.

Njiani akawa anajikung'uta tu. Kitenge kipya kilikuwa mchanga mtupu. Nilijua nimekwisha.

Tukafika Mapera. Nikapaki mteremkoni, nikashusha jiwe, nikaliweka kwenye tairi. Mama akaliangalia lile jiwe, akaanza kucheka mpaka akashika boneti.

"Mwanangu," akamwambia mke wangu, "nilidhani umeolewa na mwenye gari. Kumbe mwenye mtumbwi, na nanga yake kabisa! Basi ni wa kwetu."

Akambeba mtoto, akaingia ndani. Alikaa hadi tukachoka sisi.

Baadaye nikafunga stata mpya. Nikaenda Liuli tena kumchukua, nikazima gari mwenyewe bila kuambiwa. Wakati wa kuondoka nikakuta mbao zimeshapangwa, majirani wamekunja suruali, mama kavua viatu.

Nikagusa ufunguo bila kuugeuza.

"Limegoma tena, mama."

Wimbo ukaanza.

Funzo: tengeneza stata, ila si kila mtu lazima ajue.

Wenye mikweche na wakwe, uwanja ni wenu. Ombi langu moja tu: mtu wa Liuli asimsomee mama huu uzi.